Mafuta ya jeraniamu: jinsi ya kuyatumia, matone mangapi, na wapi usiyapeleke kabisa

Watu wengi wananunua kichupa cha mafuta ya jeraniamu kwa sababu wamesikia yanasaidia ngozi, alafu wakifika nyumbani hawajui wayafanyeje. Kuna wanaoyapaka usoni moja kwa moja kama mafuta ya nazi na ngozi inawaka moto, na kuna wanaoogopa mpaka kichupa kinakaa kabatini miaka na kuharibika humo humo. Sasa tuelewane mapema kabisa, haya mafuta ni mazuri kweli, mi nayapenda kuliko mafuta mengine yote ya mimea, ila faida yake inapatikana ukiyatumia machache. Matone sita ndani ya mafuta ya kawaida yatakusaidia, kijiko kizima kitakuumiza. Ukishajua kuhesabu matone na kujua yaingie kwenye nini kabla hayajagusa mwili, mengine yote ni mepesi.

Yanatoka wapi

Mmea wenyewe kitaalamu unaitwa Pelargonium graveolens, pamoja na machotara yake, na asili yake ni kusini mwa Afrika. Ulipelekwa Ulaya karne ya 17, na ilipofika karne ya 19 Wafaransa wakaanza kuulima kwa ajili ya pafyumu, kilimo kikasambaa mpaka Algeria na kisiwa cha Réunion. Siku hizi mafuta mengi yaliyopo sokoni yanatoka Misri na Uchina, na ukikuta chupa imeandikwa Bourbon ujue ni ile aina ya Réunion.

Usiuchanganye na zile jeraniamu za kwenye vyungu zenye maua makubwa mekundu, hizo ni za kupendeza macho tu. Hii ya mafuta maua yake ni madogo ya pinki na hayana harufu ya maana, harufu yote ipo kwenye majani. Jani lina vinyweleo vidogo sana ambavyo ndo vimebeba mafuta, kwa hiyo ukilisugua kati ya vidole viwili vidole vinanukia waridi papo hapo, ila waridi lenye ukijani kijani na ubaridi wa mbali kama wa minti. Wakulima wenyewe wanatumia pua kujua lini wavune, majani yakianza kugeuka manjano kidogo na harufu ikitoka kwenye ndimu ikaelekea kwenye waridi, wanakata.

Alafu majani na vikonyo vinapitishiwa mvuke, mvuke unabeba mafuta, ukipozwa unarudi kuwa maji na mafuta yanaelea juu yanachotwa. Kupata kilo moja ya mafuta unahitaji kama kilo 500 mpaka 1,000 za majani mabichi. Piga hesabu mwenyewe, kichupa kidogo cha mililita 10 kimebeba kilo tano mpaka tisa hivi za majani! Ndo maana tone moja linatosha kunukisha chumba, na ndo maana halipakwi kavu kavu kwenye ngozi.

Kwa nini linanukia waridi? Kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta haya ni sitronelo na jeranio, vitu vile vile viwili vinavyopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya waridi halisi. Kilo moja ya mafuta ya waridi inakula tani tatu mpaka tano za petali, kwa hiyo bei yake haishikiki, na tangu zamani watengeneza pafyumu wanatumia jeraniamu kupata harufu ya jirani kwa gharama inayobebeka. Hata wewe ukitaka kunukia waridi bila kufilisika, hapa ndo pa kuanzia.

Ukienda kununua

Soma lebo. Jina la kitaalamu liwepo, Pelargonium graveolens au Pelargonium asperum au tu Pelargonium na jina la chotara, sio neno "jeraniamu" peke yake. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, iwe na nchi yalikotoka na namba ya toleo. Kampuni makini zinakuwa na ripoti ya maabara inayoonyesha kilichomo ndani kwa asilimia na ukiomba wanakupa, wakikuzungusha achana nao. Kuna bidhaa zimeandikwa mafuta ya manukato, hizo ni harufu za kiwandani, zinafaa mishumaa na mambo kama hayo lakini sio tunachozungumzia hapa.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio dogo. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, dondoshea tone moja la jeraniamu, pembeni yake dondoshea tone la mafuta ya kupikia, acha mpaka kesho yake. La mafuta ya kupikia litabaki na lile duara la mng'ao ambalo ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona kama dirisha. La jeraniamu linatakiwa liwe limeshaondoka, labda libaki na kivuli cha rangi ya njano au kijani hafifu maana mafuta yenyewe yana rangi hiyo. Ukikuta na lenyewe limeacha duara la mafuta, basi ulichonunua kimechanganywa na mafuta ya kawaida. Hili jaribio halikamati udanganyifu wote, mtu akiongeza kemikali inayoruka hewani huwezi kuiona, ila wale wa kuongezea mafuta ya kula unawapata.

Hesabu ya matone, usiruke hapa

Mililita moja ni kama matone 20. Kwa hiyo chupa ya mililita 30 ina matone 600, na asilimia moja ya hayo ni matone 6. Hiyo namba 6 ikariri. Uso tumia nusu asilimia mpaka asilimia moja, yani matone 3 mpaka 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia. Mwili asilimia mbili, matone 12. Sehemu ndogo tu kwa muda mfupi, mfano kisigino au bega linalouma, unaweza kufika asilimia tatu ambayo ni matone 18, na hapo ndo mwisho wangu mimi, sioni sababu ya mtu kuzidisha. Ukichanganya aina mbili tatu za mafuta muhimu (yani mafuta makali ya harufu ya mimea kama haya ya jeraniamu), hesabu ni ya jumla, sio matone 12 ya jeraniamu alafu 12 ya lavenda alafu 12 ya kingine, yote kwa pamoja yawe 12. Hapa watu wengi wanateleza kwa sababu kila chupa imeandikwa matone yake na wao wanajumlisha tu.

Mafuta ya kuchanganyia ni mafuta yoyote ya mbegu au tunda unayoyatumia kwenye ngozi, ya lozi, alizeti, ufuta, zeituni, nazi, jojoba, parachichi. Kwa ngozi ya uso yenye mafuta mengi jojoba au mbegu za zabibu ni mepesi, ya nazi kwa baadhi ya watu yanaziba vinyweleo na kuleta chunusi kwa hiyo yapeleke mwilini zaidi.

Alafu kabla ya yote fanya jaribio la ngozi. Chukua mchanganyiko wako (mchanganyiko, sio mafuta kavu), paka kidogo ndani ya mkono pale kiwiko kinapokunjia, usioshe, subiri saa 24 na ikiwezekana 48. Ikiwasha, ikawa nyekundu au ikatoa vipele, hayo mafuta sio yako, hata kama rafiki yako yanamfaa. Jeranio, sitronelo na kitu kingine kinachoitwa linalo (linalool), zilizomo humu ndani, zimo kwenye orodha ya vitu vya harufu ambavyo Umoja wa Ulaya unalazimisha vitajwe kwenye lebo za vipodozi kwa sababu vina tabia ya kuleta aleji kwa baadhi ya watu. Aleji ya namna hii ikishaingia haitoki, kila ukigusa inarudi, sasa ya nini kuharakisha.

Mafuta ya uso hatua kwa hatua

Haya ndo matumizi ninayoyapenda zaidi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tafuta chupa ya kioo cheusi ya mililita 30 yenye kidondoshi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni na iachwe ikauke KABISA, hata tone la maji lililobaki ndani linaweza kuharibu mafuta. Mimina jojoba mpaka karibu na shingo, usijaze. Dondoshea matone 3 ya jeraniamu kama ngozi yako ni nyepesi kukasirika, au 6 kama ni ngumu. Shika kichupa wima taratibu usikitikise, haya mafuta ni mepesi kiasi na kwenye baadhi ya vidondoshi yanatoka matatu kwa mpigo kabla hujajua, na ikitokea yametoka tisa badala ya sita usijidanganye kwamba si neno, hamishia kwenye chupa kubwa zaidi uongeze jojoba. Funga, viringisha kati ya viganja dakika moja hivi, bandika karatasi uandike tarehe na matone mangapi. Acha ikae usiku mzima ndo uanze kutumia, harufu inatulia na kuungana.

Usiku osha uso, uache ukiwa na unyevunyevu, weka matone mawili matatu ya mchanganyiko kwenye kiganja, sugua viganja alafu bonyeza bonyeza usoni kuanzia mashavuni kwenda nje, usikaribie macho wala ndani ya pua. Kwa ngozi yenye mafuta usidhani kupaka mafuta ni kuongeza tatizo, kiasi kidogo namna hii kinaingia ndani na asubuhi ngozi inakuwa laini bila kung'aa kama umekaangwa.

Je inatibu chunusi? Maabara wameona kwamba mafuta ya jeraniamu yanazuia baadhi ya bakteria, wakiwemo wale wa Staphylococcus aureus wanaokaa kwenye ngozi, na pia yanapunguza uvimbe kwenye majaribio ya wanyama. Hiyo ni maabara lakini, kwenye uso wa binadamu ushahidi bado ni mdogo, kwa hiyo mi nasema yatumie kama msaada kwa chunusi ndogo ndogo, na kama ni zile kubwa zenye usaha zinazoacha mashimo nenda kwa daktari wa ngozi mapema maana kovu likishakaa ni kazi nyingine kabisa. Mikunjo na michirizi pia, ngozi iliyopakwa mafuta vizuri kila siku inaonekana imejaa na laini, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya jojoba au lozi yenyewe, jeraniamu inaongeza harufu na kidogo kingine. Na hayang'arishi rangi ya ngozi. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Kitu kizuri, tofauti na mafuta ya bergamoti au ndimu ya kukamuliwa ambayo ukipaka ukatoka juani ngozi inaweza kuungua, jeraniamu haina shida hiyo na jua. Ila pia haikukingi na jua, krimu yako ya jua iko pale pale.

Mwilini, miguuni, kwapani

Kwa masaji tengeneza ya asilimia mbili, matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya lozi au alizeti. Mi napenda 7 ya jeraniamu na 5 ya lavenda, harufu ya waridi inapoozwa na lavenda na haichoshi pua. Ukitaka nzito zaidi ya usiku weka ubani au msandali badala ya lavenda, na mlangilangi nao unaenda nayo vizuri sana ila tone moja tu maana unameza harufu za wenzake. Karafuu iache, kwenye ngozi ni kali mno.

Kuoga au kuloweka miguu, hapa sikiliza vizuri. Mafuta hayachanganyiki na maji. Ukidondoshea kwenye beseni yanaelea juu vile vile yalivyo na mguu wako unapoingia unayakuta makavu, yanagusa ngozi bila kuchanganywa na chochote. Chumvi nayo haisaidii, watu wanaweka kwenye chumvi wakidhani imetatua, chumvi ikiyeyuka mafuta yanarudi juu. Njia sahihi ni kuchanganya matone 3 na kijiko kikubwa cha mafuta ya kawaida, au na sabuni ya maji isiyo na harufu, ndo umimine kwenye maji. Ukitumia mafuta sakafu itateleza, weka taulo chini.

Kwapani yanafaa kwa sababu yanapunguza bakteria wanaoleta harufu na yenyewe yananukia safi. Chukua mafuta ya nazi mililita 30, weka matone 6, paka kidogo baada ya kuoga ukiwa umejikausha. Usipake umetoka kunyoa muda huo huo, subiri mpaka kesho. Na hayazuii jasho, yanashughulika na harufu tu, kama unalowa jasho utaendelea kulowa.

Kichwani unaweza kuongeza matone 6 kwenye mililita 30 za shampuu isiyo na harufu au kwenye mafuta ya kupaka ngozi ya kichwa. Kuhusu kuotesha nywele sina la kukuahidi.

Ukitaka pafyumu ya kupaka, chupa ya mililita 10 yenye kigololi, jaza jojoba, matone 4, paka kwenye kifundo cha mkono na nyuma ya masikio. Inadumu saa chache tu, sio siku nzima kama za dukani.

Harufu hewani na hali ya moyo

Kama una difyuza, kile kifaa cha kusambaza harufu hewani, weka matone 3 mpaka 5 kwa kila mililita 100 za maji, washa nusu saa mpaka saa moja alafu zima. Kuiacha usiku kucha hakuna faida, pua inazoea ndani ya dakika chache husikii tena harufu lakini unaendelea kuivuta, ukiamka kichwa kinauma. Dirisha au mlango uwe wazi kidogo ili asiyetaka aweze kutoka. Huna difyuza? Tone moja kwenye kitambaa cha pamba au tishu iweke karibu na mto au mezani unapofanya kazi, inatosha kabisa na hainunuliwi umeme.

Kwa mtu mwenye wasiwasi harufu hii inasaidia kutuliza, na hapa kuna utafiti wa watu wenyewe sio maabara tu. Iran mwaka 2015 walichapisha utafiti wa wanawake waliokuwa kwenye hatua ya kwanza ya uchungu wa uzazi wao wa kwanza, waliovuta harufu ya jeraniamu wasiwasi wao ulipungua kuliko wale waliopewa kitu cha kulinganishia. Hilo lilifanyika hospitalini chini ya wahudumu, usilichukue kama ruhusa ya mjamzito kujipangia mwenyewe nyumbani. Ila linakuonyesha kwamba kuvuta harufu tu, bila kupaka wala kunywa chochote, kunaweza kumpoza mtu. Mi nikiwa na siku ngumu nafanya hivi, nafungua kichupa, naweka tone kwenye kitambaa, nakaa, navuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa kwa mdomo ndefu kuliko niliyovuta. Nusu ya dawa ni ile pumzi yenyewe na sioni ubaya wowote kukiri hilo, harufu nzuri inakufanya utake kuvuta tena na tena.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2003 kwa watu wenye maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, wale waliopakwa mafuta ya jeraniamu yenye nguvu kubwa walipata nafuu ya haraka kwa muda. Nguvu iliyotumika pale ilikuwa mbali sana juu ya hizi asilimia zetu na ilisimamiwa na madaktari. Nauweka hapa kwa sababu unazunguka sana mitandaoni bila hiyo sehemu ya pili.

Dawa ya kupuliza chumbani ni rahisi, chupa ya mililita 100, weka mililita 30 za alkoholi kali ile safi, matone 25, tikisa, jazia maji yaliyochujwa, na tikisa kila unapotumia. Ni ya hewa na mapazia, usipulize usoni wala karibu na moto. Kufuta sakafu au kunukisha pipa la taka matone machache kwenye pamba yanatosha.

Mbu na kupe

Hapa kuna maneno mengi kwa hiyo tunyooshe. Jeranio ni kiungo kinachotumika kweli kwenye baadhi ya dawa za kufukuza wadudu. Na mwaka 2013 watafiti Marekani walitoa matokeo kwamba kitu kimoja kilichomo kwenye mafuta ya jeraniamu kilifukuza aina fulani ya kupe kwa kiwango kinachokaribia DEET, ile kemikali ya kwenye dawa nyingi za kupaka za kufukuza wadudu. Kizuri. Tatizo la mafuta haya kwenye ngozi ni kwamba yanaruka hewani haraka, ndani ya saa moja au mbili kinga imekwisha na wewe bado umekaa nje unadhani umelindwa.

Kuna na ule mmea unaouzwa kwenye chungu kwa jina la mmea wa kufukuza mbu, wa jamii hii hii ya jeraniamu. Watafiti wa Kanada waliupima na mwaka 1996 wakatoa matokeo kwamba kuuweka tu pembeni yako hakupunguzi kuumwa na mbu. Mmea ukikaa kimya mafuta yanabaki ndani ya vinyweleo vyake, hauachii harufu ya kutosha hewani.

Kwa hiyo kama unakaa jioni kidogo nje mahali pasipo na magonjwa ya mbu, paka mchanganyiko wa asilimia mbili na urudie kila saa, hakuna neno. Kama uko sehemu yenye malaria au dengi, chandarua chenye dawa na dawa ya kupaka iliyothibitishwa ndo vya kutegemea, na jeraniamu ibaki kuwa harufu tu. Kwa hili sina mjadala, malaria inaua.

Usiyapeleke huku

Usinywe. Sio kwenye chai, sio kwenye asali, sio kwenye maji ya ndimu asubuhi. Kuna watu wanafundisha hivyo kwa kujiamini kabisa na inaniuma kuona wanasikilizwa. Kumbuka zile kilo za majani, ini lako halikutegemea kukutana nazo kwa mkupuo mmoja.

Usiweke sehemu za siri. Ngozi ya pale ni nyembamba mno, mafuta yanachoma na kuvuruga mazingira ya pale ambayo yanajisafisha yenyewe. Ukiona uchafu usio wa kawaida, muwasho au harufu, kapime, kuna dawa nzuri na rahisi. Usiweke kwenye kidonda kibichi, masikioni wala machoni.

Suala la homoni nalo, utasikia yanabalansi homoni, yanarudisha hedhi, yanaondoa uvimbe kwenye kizazi. Ushahidi wa kutosha wa mambo hayo haupo. Harufu inaweza kukutuliza siku za hedhi au wakati wa kukoma hedhi na masaji ya tumbo inalegeza misuli, hilo nakubali na nalifanya, lakini mtu mwenye hedhi iliyokatika miezi au inayotoka nyingi kupita kiasi anahitaji vipimo, na kila mwezi anaopoteza kwa kupaka mafuta ni mwezi ambao tatizo linakua.

Watoto wachanga usiwapake na usiwawashie difyuza chumbani, ngozi na mapafu yao bado machanga. Mkubwa kidogo wa kuanzia miaka miwili, ukilazimika, nusu asilimia ndo mwisho na usipake karibu na uso. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kwanza kwa daktari au mkunga wake. Mwenye pumu ajaribu harufu kwa mbali kwanza na akiona kifua kinabana aache. Mwenye ukurutu ngozi ikiwa imepasuka asubiri ipone. Kama unatumia dawa za kila siku za ugonjwa wowote mwambie daktari unachopaka, ni sentensi moja tu.

Na kama una paka ndani ya nyumba, achana na difyuza kabisa. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja hivi vitu vizuri, vinakusanyika mwilini, alafu akijilamba manyoya yaliyotuliwa na mvuke anameza tena. Ndege wa kufuga nao vivyo hivyo, mapafu yao ni mepesi sana kudhurika.

Kuyatunza, na yakienda vibaya

Adui zake ni hewa, mwanga na joto. Funga kifuniko kila baada ya kutumia, sio unaacha wazi mpaka umalize kuoga, kichupa kikae wima sehemu ya giza na ubaridi, bafuni penye mvuke sio mahali pake. Ukiyatunza hivi yanakaa miaka miwili mitatu vizuri. Hewa ikiingia sana, zile linalo na jeranio zinabadilika na kuwa vitu vinavyoleta aleji zaidi kuliko mwanzo, kwa hiyo mafuta ya zamani ambayo harufu imekuwa kali ya ajabu au yameanza kuwa mazito usiyapake hata kama yamebaki nusu chupa, hayo yatumie kwenye pipa la taka. Mchanganyiko uliotengeneza na mafuta ya kawaida ni wa miezi mitatu mpaka sita, yakianza kunuka kama karanga zilizochacha yamwage.

Yakikudondokea makavu kwenye ngozi na ikawaka, usikimbilie maji kwanza, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kula mengi, yale yatayabeba, ndo uoshe kwa sabuni na maji. Machoni ni tofauti, suuza kwa maji safi mengi yanayotiririka dakika 15 jicho likiwa wazi alafu nenda hospitali. Mtoto akinywa usimtapishe, mafuta yakirudi njia ya juu yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndo hatari kubwa, mfute mdomo na umkimbize hospitali hapo hapo hata kama anaonekana yuko sawa, na chupa uibebe ili daktari asome lebo mwenyewe.